Mashine Haijawahi Kutoa Mji

Juzi alikuja kijana mmoja hapa Mashimoni, Kibera, kavaa fulana ya kijani na kitambulisho cha plastiki kinaning'inia shingoni, akasimama mbele ya cherehani yangu akaniambia nimebahatika. Wewe unanijua. Mtu akiniambia nimebahatika kabla ya kuniambia anataka nini, mimi huvuta mkasi karibu. Nyuma yake foleni ya maji ilikuwa imejipanga kioskini, na akina mama walikuwa wamenyoosha shingo juu ya mitungi yao waone ninauziwa nini.

"Niaje mathe," akasema. "Kuna game hapa, iko poa sana. Ukishinda unapata bando."

Nikamwambia aseme upesi, nina sketi za watoto wa shule za kupunguza. Akaeleza. Unasema neno la lugha ya nyumbani kwenu. Mashine inalitafuta kwenye mtandao, dunia nzima. Ikilipata, umeshindwa. Isipolipata, umeshinda, unapewa bando la kuingia mtandaoni, na neno lako linabaki ndani ya mashine ili siku nyingine ilijue. Akina mama kadhaa wa kwenye foleni walikuwa wamecheza tayari. Mmoja alikuwa ameshinda kwa jina la mboga ya kwao Busia na alikuwa anatembea kifua mbele.

"Kwa hivyo mashine isipojua, mimi ndiye nimeshinda?"

"Eeh. Umeiweza."

"Na ikishindwa inatoa nini?"

"Si nimekushow, bando."

"Bando umeleta wewe. Nauliza mashine inatoa nini."

Akanitazama vile vijana hutazama watu wa rika langu wakidhani tumeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia akae kwenye benchi nimalize pindo.

Nimeishi kuiona michezo ya hizi mashine za kutafuta, na sijaona hata mmoja wenye akili. Binti yangu ana mmoja kwenye simu yake. Mashine inaanzisha swali, "kwa nini wanaume", halafu inanyamaza, na yeye anakisia watu huko duniani hulimalizia vipi. Anapata alama kwa kujua ujinga wa watu asiowajua, na anacheka peke yake kitandani sufuria ikiungua. Ana mwingine wa kutupwa kwenye barabara fulani, aangalie miti na vibao vya maduka, akisie ni nchi gani. Nilimwambia siku moja tutupwe Gatwekera, nione kama atatambua mahali nilipokulia. Akanijibu gari linalopiga hizo picha haliingii Gatwekera. Basi hiyo si dunia, nikamwambia, hiyo ni lami tu.

Lakini mchezo wa huyu kijana wa fulana ya kijani niliufahamu. Niliwahi kuucheza ukiwa na sura nyingine, na haukuwa wa bando. Mguu ulikuwa ukikanyaga cherehani, mawazo yakanirudisha Gatwekera, kwa Dani.

Dani ndivyo sisi watu wa ziwani tunavyomwita nyanya. Wangu alinilea katika chumba kimoja cha udongo na mabati, cha kupanga, kama vyumba vyote vya pale. Kazi yake ilikuwa samaki. Alirudi kutoka sokoni na karai la mgongo wazi kichwani, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu kuwapelekea watu wenye meno laini. Alasiri aliikaanga hapo mlangoni. Mimi nilikata ndimu, nilipepea jiko, nilifukuza paka wa majirani wote. Mafuta yalipiga kelele, redio ya jirani iliimba nyimbo za kanisa, garimoshi lilipita likipiga honi, na harufu ya samaki iliingia hadi kwenye daftari zangu za shule. Wanafunzi wenzangu walinicheka kwa harufu hiyo asubuhi, na jioni walitumwa na mama zao kuinunua.

Mafuta yalipopunguza kelele ndipo Dani alipoanza vitendawili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, amekichanganya na Kijaluo mpaka hujui kimoja kinaishia wapi, lakini vitendawili vyake vilikuwa vimenyooka. Anatega, tunafikiri, mimi na watoto wa ploti. Ukishindwa hukuruhusiwa kusema hujui halafu ukanyamaza tu. "Nipe mji," Dani alisema, amenyoosha mkono kabisa, kiganja wazi. Ilibidi umpe mji. Unampa Mombasa, unampa Kisumu, unampa Nakuru, miji ambayo hujaiona hata kwa picha. Akishaupokea anautawala kwanza. Anakaa kitako anasimulia alivyoingia Mombasa wakamchinjia mbuzi, chifu mwenyewe akamwosha miguu, wewe uliyeshindwa ukaachwa nje na mbwa. Ukishaaibika vya kutosha ndipo anakupa jibu. Nairobi peke yake hakuipokea. "Hiyo ina landilodi," alisema.

Alikuwa na sheria moja tu, na hiyo hakuna aliyeivunja. Aliyepokea mji lazima atoe jibu. Anayechukua mji kisha akakaa na jibu, Dani alisema, huyo ni mwizi kama wezi wengine, ni vile tu hana panga.

Samaki wote wakishatoka, chini ya karai hubaki vile vipande vilivyong'ang'ania chuma, vyekundu, vyenye chumvi, vigumu kidogo. Mtu wa pwani ataniambia huo ni ukoko. Dani alikataa. Ukoko ni wa wali, alisema, na tena ukoko huliwa na yeyote anayewahi. Kwao ziwani kile kipande kilikuwa na jina lake, na maana yake ni chakula cha mtoto aliyekaa karibu na moto mpaka mwisho, si cha yule aliyekuja mbio baada ya kusikia harufu. Alikikwangua kwa kisu, akakiweka kwenye kiganja changu, akalitamka lile jina. Kila jioni. Nilijua neno hilo kabla ya kujua jina langu la shule. Sitakuandikia hapa, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Shuleni neno hilo lilikuwa marufuku, pamoja na mengine yote ya nyumbani. Ukikamatwa ukiongea lugha ya mama ulivishwa kibao shingoni, ukatembea nacho hadi umnase mwenzako akiteleza, umvishe yeye. Tulijifunza kupelelezana kabla ya kujifunza kugawanya. Aliyesimamia kibao alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mwenye tai na kitambaa cha kujifuta jasho, ambaye viatu vyake vilimeta hata mvua ikiwa imegeuza Gatwekera kuwa tope. Nilimwogopa na nilimheshimu sana. Heshima imeisha, na wala simwogopi.

Kisha jirani mmoja akafungua saiba, chumba cha kompyuta za kulipia, ndani ya kontena karibu na ukuta wa Nyayo Highrise. Aliiweka hapo ili ale wateja wa pande zote, sisi wa mabati na wale wa ghorofa. Wale wa ghorofa hawakuja. Wana kompyuta zao, walimwambia. Tukabaki sisi, na feni moja inayogeuza kichwa bila kuleta upepo, na vibodi ambavyo herufi zimefutika kwa vidole vyenye sukari, maana jirani aliuza na mandazi humo humo. Alikuwa mkali. "Usiguse usichokijua," alituambia kila tukiingia, na yeye mwenyewe mashine ikigoma aliipiga kofi, ikizidi kugoma aliifunika kitambaa ipumzike.

Mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyetupeleka mle ndani, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa sababu habari zilikuwa zimefika shuleni. Wafadhili fulani walikuwa na mashindano ya kompyuta, watoto wa Kibera dhidi ya watoto wa Kawangware, na mshindi angelipiwa karo ya sekondari yote. Nilikuwa darasa la nane. Samaki wa Dani waliweza kunilisha na kunivalisha, sekondari hawakuiweza, na Dani alikuwa ameshanitafutia fundi wa kunifunza kushona. Kwa hivyo usidhani nilikuwa nacheza. Nikishinda, nasoma. Nikishindwa, cherehani.

Mchezo wenyewe sasa. Unaiandikia mashine maneno mawili, iyatafute yanapokaa pamoja katika mtandao wote. Ikileta kurasa nyingi, umekosa. Isipoleta hata moja, umekosa vilevile. Lazima ilete ukurasa mmoja, mmoja tu. Ni mchezo wa mtu aliyeshiba, anayetafuta kitu cha kufanya kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Sisi tuliucheza na mandazi yamegawanywa kwa watatu.

Tulidhani ni rahisi. Tukachukua maneno ya Kiingereza ambayo hayajawahi hata kusalimiana. Askofu na kiroboto. Harusi na nguruwe. Mashine ikatupa kurasa kwa maelfu. Kumbe dunia imejaa watu wasio na kazi, wameshaandika kila upuuzi, na huyo kiroboto na huyo askofu walikuwa wameandikwa na mtu mzima mwenye nyumba na gari. Mwalimu alitupa maneno makubwa makubwa kutoka kwenye kamusi yake, maneno ya kuvunja meno, na hayo nayo yalikuwa yamejaa huko. Wenzangu wakaanza kuchoka, mmoja mmoja wakarudi kwenye mpira.

Jumamosi moja mwalimu alikuwa ametoka nje kuongea na jirani. Sijui ni nini kilinishika. Niliandika obambla, yaani samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani, na kando yake nikaandika lile neno la Dani la chini ya karai. Nilitazama mlangoni kama mtu anayeiba. Nikabonyeza.

Moja.

Ukurasa mmoja, wa padri fulani wa zamani aliyekaa kando ya ziwa akaandika majina ya vyombo na vyakula vya watu aliowakuta. Nilifunika kioo kwa mikono yote miwili. Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa Dani, jioni hiyo, mafuta yakiwa yanalia. Nilidhani atafurahi. Alifikiri kwanza, akageuza samaki.

"Huyo padri alipewa na nani?"

"Sijui, Dani."

"Alitoa mji?"

Nikamwambia kwenye mtandao hawafanyi hivyo. Dani akasonya, akanikwangulia changu, akaniwekea kiganjani. Lakini usiku ule alitoa ile leso yake mpya kwenye sanduku, akaikunjua kuona kama panya hawajaigusa, na mimi nikajua atanisindikiza.

Tulienda Kawangware kwa miguu, kupitia Ngong Road, Dani mbele na kifurushi cha samaki na nyoyo, yale mahindi na maharagwe, kwa sababu alisema mkono mtupu haulambwi na hawezi kuingia ugenini bila kitu. Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa kanisa. Viti vya plastiki, baluni, soda. Picha ya kompyuta ilimulikwa ukutani ili kila mtu aone. Mgeni wa heshima alikuwa mfadhili kutoka ng'ambo, kavaa sandali za ngozi, mwenye chupa kubwa ya maji aliyoinywa kila baada ya sentensi. Alituambia kwa Kiingereza tusiwe na wasiwasi, ni mchezo wa kujifurahisha tu. Mimi mtu anayeweka maisha yako mezani kisha akakwambia ujifurahishe sijui nimwite nani. Mwalimu wetu alitikisa kichwa kukubali kila neno, hata kabla halijatoka.

Watoto wakapungua. Tukabaki mimi na msichana mmoja wa Kawangware mwenye utepe mwekundu kichwani, mwepesi wa mkono. Yeye alijaribu kwanza, akaleta kurasa mbili. Ukumbi ukaguna. Zamu yangu nikafuta mikono kwenye sketi, nikaandika obambla, nikaandika neno la Dani. Ukutani ikatokea, kubwa, kila mtu akaiona. Moja.

Watoto wa Kibera walisimama juu ya viti. Nilimtafuta Dani kwa macho, nikamwona amekaa nyuma na kifurushi mapajani, hajui kusoma ila anajua kelele za furaha. Nilisikia sare ya sekondari mgongoni kwangu, na hata sasa nakumbuka ilivyokuwa, ilikuwa na sweta la bluu.

Mgeni akaja, akainama, akatabasamu. Akafungua kamusi ya Kiingereza kwenye mashine nyingine. Akaandika obambla, hakuna. Akaandika neno la Dani, hakuna. Akanishika bega kwa upole, upole ule wa kukufukuza bila kukusukuma, akasema sheria ni kwamba maneno lazima yawe kwenye kamusi. Yasiyo kwenye kamusi si maneno. Nijaribu tena. Sheria hiyo hakuna aliyetuambia. Mwalimu wetu alikuwa nayo kwenye karatasi wiki zote zile, na hakuona haja ya kuitaja. Alikuwa ametuvisha kibao miaka mingi kiasi kwamba haikumjia akilini mtoto angethubutu.

Nilijaribu tena. Kichwa kilikuwa kitupu, na nilichoandika kikaleta kurasa kwa mamia. Msichana wa utepe mwekundu akaandika vitu viwili vya Kiingereza ambavyo sivikumbuki, akapata moja yake halali. Sina neno naye. Alikuwa mtoto kama mimi, na nadhani kwao pia kulikuwa na cherehani inasubiri.

Hapo ndipo Dani aliposimama. Mwalimu alikuwa amekaa karibu naye na ilimbidi amweleze kilichotokea, na alipomaliza kueleza, Dani alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole, ili asikosee.

"Mwambieni mgeni, yeye amekutana na neno hajui. Asiyejua hasemi hili si neno. Asiyejua anatoa mji."

Ukumbi ulicheka. Si kicheko kibaya, kila mtu pale alikuwa amewahi kutoa mji kwa nyanya yake. Hata wale wa Kawangware walicheka wakitikisa vichwa, wakiona ameweza. Mgeni peke yake ndiye hakuelewa. Akatabasamu, akamgeukia mwalimu wetu akauliza mama mzee amesema nini.

Mwalimu alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. Akasema kwa Kiingereza, "Anasema asante sana."

Ukumbi mzima ulijua Kiswahili. Ukumbi mzima ulijua Kiingereza cha kutosha kusikia hilo. Kulikuwa na wachungaji pale, walimu, wazazi, watu wazima wenye ndevu. Nikangoja mmoja aseme, la, hakusema hivyo. Mtu wa mbele akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, mpaka baluni zikatikisika. Mgeni akaweka mkono kifuani, macho yamemlegea, akaja akamkumbatia Dani na kifurushi chake, wakapigwa picha.

"Wanapiga makofi ya nini?" Dani aliniuliza kwa Kijaluo.

Nikamwambia.

Akajifunga leso upya, akatoka. Alitembea mbele yangu Ngong Road yote, na kifurushi kilirudi Gatwekera kama kilivyotoka. Jioni aliwasha jiko kama kawaida, akakaanga, akauza. Samaki walipoisha alikwangua chini ya karai, akakiweka kiganjani kwangu, na lile neno akalitamka kwa sauti kubwa sana, kubwa kuliko siku yoyote, jirani akazima redio kusikiliza kuna nini. Januari nikaenda kwa fundi.

Dani alishazikwa kwao ziwani, miaka sasa. Mwalimu nasikia alipandishwa cheo, na sishangai. Kontena la saiba ni duka la kubashiria mpira, vijana wanaingia na matumaini wanatoka na simu zimezimwa. Watoto wa ploti yetu hawategi vitendawili. Nimewahi kuwategea, mmoja akatoa simu mfukoni, akaiuliza mashine, akanisomea jibu, akaendelea na safari yake bila kunipa hata kijiji. Jibu lenyewe halikuwa sahihi.

Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Mashine ya zamani ilikuwa jeuri, lakini ilikubali. Ukiiuliza isichokijua ilikuandikia hakuna kitu, ukurasa mweupe, basi. Siku hizi haikubali kushindwa. Ukurasa wa yule padri ulipotea, sijui alikufa nao ama mtu aliacha kuulipia. Nikamwambia binti yangu aiulize simu yake lile neno maana yake ni nini. Ikajibu pale pale, kwa kujiamini kuliko mwanasiasa, kwamba ni ngoma ya harusi inayochezwa na wazee. Binti yangu akasema, "Ona mum, kumbe ni ngoma." Nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye kioski cha maji.

Pindo likaisha. Kijana wa fulana ya kijani alikuwa bado anasubiri, na foleni ya maji ilikuwa haijasogea sana.

"Ninalo neno," nikamwambia. "Mashine yako hailijui. Itakudanganya ni ngoma."

Akaruka kutoka kwenye benchi. "Poa sana mathe. Sema, nimewasha."

Nikanyoosha mkono, kiganja wazi. "Nipe mji."

"Nikupe nini?"

"Mashine imeshindwa, na wewe ndiye umeileta. Nipe mji."

Akatazama kiganja changu. Akatazama simu. Kisha, nisamehe, akaiandikia mashine, nikamwona kwa macho yangu, akaiuliza nipe mji ni nini. Akasoma kimya, midomo ikicheza. "Inauliza unataka kutembelea mji gani," akasema. "Inaweza kukupangia safari."

Mama wa mboga ya Busia alishindwa kujizuia. "Wewe kijana hukulelewa na shosho, nyanya wa kukutegea vitendawili?" akamwita kutoka kwenye foleni. "Taja mji wowote umpe, atawale, akupe jibu."

Kijana akacheka, akajikuna shingo pale kitambulisho kinapomkwaruza. "Haya basi. Nakupa Kawangware. Ndio kwetu."

Niliacha cherehani. Kisha nikaupokea mji wangu, nikautawala vile Dani alivyonifundisha.

"Nilienda Kawangware," nikasema, na foleni yote ikageuka kusikiliza. "Wakanitolea kiti cha mbele. Mgeni akauliza mama mzee amesema nini, na mwalimu akamwambia vile alivyosema, neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza. Mgeni akaona haya, akatoa mji. Na makofi yakapigwa baadaye, Dani akiwa ameshamaliza."

Akina mama walicheka, hawakujua ninasema nini, lakini waliujua mtindo. Kijana alingoja kwa adabu. Si mtoto mbaya, yule.

"Sasa jibu, mathe," akasema, akanisogezea simu karibu na mdomo.

"Zima hiyo. Nakwambia wewe, kwa sikio lako."

"Siwezi, mathe. Bila kurekodi haihesabiki."

"Sijasema ihesabiwe. Nimesema nikwambie. Umenipa mji, una haki yako. Neno liwe lako, uwafunze watoto wako ukitaka."

Akafikiri. Naapa alifikiri, niliona. Akatazama simu, kisha akanitazama mimi, na akauliza bila ubaya wowote, "Lakini sasa mimi nitalifanyia nini?"

Asiyejua maana haambiwi maana. Nikachukua sketi nyingine, nikaweka uzi. Akakaa kidogo, akaniaga vizuri, akaelekea upande wa Gatwekera na simu yake, na foleni ya maji ikasogea.

Kwa hivyo Kawangware ninayo, na jibu pia ninalo. Najua kwa sheria ya Dani mimi sasa ni mwizi, na angekuwa hai angenipiga mkono kwa ule mwiko wa samaki. Lakini kuchukua cha mtu ukakaa na jibu lake, mimi sikuanza. Nilifundishwa Kawangware, mchana, ukumbini, na watu walipiga makofi.